Mwenzangu Yuko Nyuma

"Mko wangapi?" aliuliza binti wa getini, mkasi mkononi, macho kwenye simu yake.

Swali dogo tu. Lakini kuna watu likiwafika linawavua nguo, na mmoja wao alikuwa amesimama pale kwenye foleni, kilemba chekundu kichwani, digrii ya daraja la kwanza kabatini, na kazi hana, mwaka wa tatu sasa. Alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni kwa dada yake. Shemeji yake ndiye aliyembatiza Digrii, na jina likamganda. Digrii, vyombo. Digrii, mtoto kajikojolea. Digrii, wewe si umesoma, hebu tengeneza hii rimoti.

Tiketi ya tamasha ilikuwa ya watu wawili. Mwenzake halisi, rafiki yake wa chuo, alikuwa ametuma ujumbe asubuhi ile: "Sori shosti, bosi kaniita ofisini. Usiende peke yako lakini, utaonekana kituko."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomtoa kwenye kochi. Kituko? Basi atakwenda. Maisha yake yote hajawahi kwenda kusikiliza muziki bila mtu ubavuni: mara dada, mara rafiki, mara yule mchumba aliyepotea pamoja na chaja yake. Leo atakwenda mwenyewe, akae kwenye nyasi, asikilize ngoma na zeze na filimbi tangu mchana mpaka jua lizame, na mwenye neno ajinyonge.

Hayo aliyasema njiani. Pale getini, mbele yake kuna vijana sita wenye kofia zinazofanana, nyuma yake wapenzi wawili walionatana kama maandazi ya sufuria moja, ujasiri ukamtoka puu.

"Wawili," alisema. "Mwenzangu yuko nyuma."

Binti akamfunga utepe wa bluu mkononi, akakata ncha. Kisha akageuka kidogo, kando ya Digrii, akachukua utepe mwingine.

"Haya, na wewe dada, lete mkono. Mh! Mikono ya baridi hiyo, kama umetoka kwenye friji."

Digrii akageuka. Hapakuwa na mtu. Wale wapenzi walikuwa hatua tatu nyuma, wanapigana picha. Vidole vya binti vilikuwa hewani, vinazungusha utepe, vinakaza fundo. Mkasi ukalia kwacha. Utepe haukuanguka chini. Haukuwa popote.

"Piteni," alisema binti. "Mnavyofanana! Mapacha?"

Jua, alijiambia Digrii. Binti wa watu kasimama juani tangu asubuhi, kichwa kimechemka.

Uwanja ulikuwa mpana, nyasi zimekatwa upya, jukwaa la mbao mwisho wake na skrini kubwa pembeni ili walio mbali waone. Digrii akachagua nafasi karibu na mkeka wa mama mmoja mnene aliyekuja na mwavuli, mto, chupa ya chai na maneno ya kutosha.

"We binti," alisema huyo Mama Mkeka hata kabla ya salamu, "mwambie dada yako atoe miguu kwenye mkeka wangu. Ana matope, na mvua yenyewe haijanyesha mwezi mzima."

Hapo Digrii angesema kweli, mambo yangeishia hapo. Lakini aseme nini? Kwamba hana dada, hana mtu, kwamba kachukua tepe mbili kwa uongo kama mtoto anayeomba pipi ya mdogo wake asiyekuwepo? Aibu ikamshika ulimi.

"Samahani, mama," alisema. "Atasogea."

Nyasi zilizokuwa upande wake wa kushoto zikalala taratibu, kama zinavyolala mtu akiketi.

Ndipo harufu ikaja. Haikuwa ya kuoza. Ilikuwa harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa hazijakauka, miaka na miaka, mpaka mwenye nguo kasahaulika. Digrii akasogea kulia. Nyasi zikalala kushoto kwake tena, karibu zaidi.

Kikundi cha kwanza kikapanda jukwaani, kina mama watano wenye ngoma, na kwa muda kidogo alisahau. Ulikuwa muziki wa kuitikizana: mmoja anaita, uwanja mzima unajibu. Digrii alikuwa na sauti, hilo hata shemeji yake hakulikataa. Akaitikia. Na sikioni mwake, upande wa kushoto, kuna mtu akaitikia naye, kwa sauti ile ile yake, ila imechelewa kidogo, kama mwanafunzi anayeibia majibu. Wimbo wa pili ile sauti ikawa sambamba naye. Wimbo wa tatu ikamtangulia, na Digrii akajikuta yeye ndiye anayefuata, yeye ndiye anayeibia, na kila akifumba mdomo wimbo unaendelea kutoka kwa sauti yake, unaendelea vizuri tu, bila yeye.

Simu ikatetemeka. Dada yake.

"Sasa wewe mbona unapiga unakata?" dada alifoka. "Haya nimekusikia, njooni. Ila huyo mwenzako atalala chini na watoto, kochi ni moja."

"Mwenzangu gani?" Digrii alinong'ona. "Dada, mimi sijakupigia."

"Umenipigia sasa hivi! Umesema mnarudi jioni, wewe na… Haloo? Haloo? Mbona husemi?"

"Nasema! Dada, usimfungulie mtu! Dada!"

"Haloo? Huyu mtoto ananichezea," alisema dada, akakata.

Watoto watatu hulala sakafuni nyumbani kwa dada yake, mdogo ana miaka miwili na hujichomeka kwapani kwa yeyote aliye karibu. Digrii akainuka aondoke, akaangalia jukwaani, na macho yake yakapita kwenye skrini kubwa, ambapo mpiga picha alikuwa akionyesha umati, na pale katikati, kando ya mwavuli wa Mama Mkeka, akajiona mwenyewe mara mbili, wanawake wawili wa kilemba chekundu, mmoja amesimama na mmoja ameketi, aliyeketi akiwa mkamilifu, ana rangi, ana kivuli, ana tabasamu pana la mtu aliyepokewa nyumbani, na aliyesimama, yule aliyeinua mkono Digrii alipoinua wake, akiwa amepauka mpaka nyasi za nyuma yake zinaonekana kupitia kifuani.

"Mama," alisema, "mama, plizi, nishike mkono."

Mama Mkeka alikuwa anamimina chai. Akanyoosha kikombe, kikapita mbele ya kifua cha Digrii, kikaenda kushoto.

"Karibu mwanangu. Wewe mpole kuliko yule mwenzako. Kaenda wapi yule?"

"Yuko nyuma," ilijibu sauti ya Digrii. Kisha ikashuka, ikawa ya sikio lake peke yake. "Nimekaa uwanja huu tangu haujawa uwanja. Watu wanakuja, wanaimba, wanaondoka wawili wawili. Hakuna aliyewahi kusema mimi ni wake. Wewe umesema, mbele ya mtu, nikafungwa utepe. Nikishaimba ubeti wangu mbele ya watu wote hawa, nitakwenda kwa dada yako. Wewe baki. Kwani kuna atakayejua?"

Na hapo ndipo jini lile lilipochemsha, likakosea hesabu. Lingemtisha kwa makucha, angezimia. Lingemtisha kwa moto, angekimbia. Lakini kumwambia Digrii kwamba hakuna atakayejua kama hayupo! Miaka mitatu amekaa kwenye mabenchi ya ofisi akiitwa kwa namba. Miaka mitatu barua zimeanza na "tunasikitika". Amepuuzwa na watu wenye viyoyozi na mihuri, akavumilia. Hakuwa tayari kupuuzwa na kitu kisicho hata na cheti cha kuzaliwa.

"Ala!" alisema. "Yaani hata majini yanatafuta nafasi kwa kujuana?"

Jukwaani, mpiga zeze mmoja mrefu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa amefika kwenye wimbo ambao kila mtu anausubiri, ule wa kupanda na ubeti wako. "Nani ana lake la kusema?" aliita. "Sema, sisi tunaitikia!" Kijana mmoja alipanda akamsifu mama mkwe wake, watu wakafa kwa kicheko. "Mwingine? Wewe dada wa kilemba chekundu! Njoo!"

Nyasi zikainuka kushoto. Digrii akakimbia.

Alikimbia akiruka mikeka na miguu ya watu na hakuna aliyemlaumu kwa kuwa hakuna aliyemwona, na kila alipokanyaga alisikia hatua nyingine kando yake, nyepesi, za majimaji, na ile harufu ya sanduku ikamjaa puani na mdomoni mpaka akahisi anaitafuna, na mikono yake mbele yake ilikuwa imeanza kupitisha mwanga wa jua la jioni kama karatasi iliyopakwa mafuta, na zile ngazi nne za jukwaa zilimshinda mara mbili kwa sababu mguu wake ulizama kwenye mbao kama unazama kwenye moshi, ikabidi apande kwa magoti, kwa viwiko, kwa hasira.

Mpiga zeze alimnyooshea kipaza sauti mtu aliyesimama ubavuni mwa Digrii. Digrii akakidaka kwa mikono miwili. Akasema. Spika hazikutoa hata mkwaruzo. Akakitupa chini, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akapiga kelele kwa koo lake alilozaliwa nalo.

"NIMEKUJA PEKE YANGU!"

Ngoma zikasita. Mpiga zeze akapepesa macho, kama mtu aliyeona nzi kwenye miwani.

"Getini nilidanganya! Nilisema tuko wawili, nilikuwa naona aibu! Sina mwenzangu! Rafiki kanikimbia, mchumba kanikimbia na chaja yangu, kazi sina, na huyu hapa simjui! Nimekuja peke yangu!"

Kisha, kutoka kwenye mkeka mmoja katikati ya uwanja, sauti nene ikaitikia, maana wimbo ni wimbo na zamu ni zamu:

"Peke yake!"

Mpiga zeze akacheka, akaliburuza zeze. "Kaja na nani?"

"Peke yake!" wakajibu mia.

"Kamleta nani?"

"Peke yake!" ukajibu uwanja mzima, ngoma zikaingia, mbao zikatetemeka chini ya miguu ya Digrii, miguu mizito, yake, inayouma. Kando yake kuna kitu kikapumua kwa mshindo kama puto. Kwenye skrini, yule wa pili alikuwa akipoteza vitu kimoja kimoja: kilemba, kisha pua, kisha lile tabasamu, lililobaki peke yake hewani kwa muda mbaya kabisa kabla halijafutika.

Aliposhuka, watu walimpiga mabega. Alimtumia dada ujumbe: "Usimfungulie mtu yeyote. Nakuja mwenyewe. Nitachelewa, muziki haujaisha."

Akaiona dalili ya jini lile alipokuwa anatafuta maji, nyuma ya jukwaa, mafundi wanapokunja nyaya. Nyasi zimelala duara dogo, la mtu mmoja aliyekunja magoti, na harufu ile, hafifu sasa, harufu ya kitu kilichosahaulika. Haikumsogelea. Magoti ya Digrii yalitaka kukimbia, akayakatalia.

"Kama unapenda muziki, kaa," aliiambia ile hewa. "Uwanja ni wako, sijaja kukufukuza. Lakini mimi leo nimejifunza, na wewe jifunze. Jifunze kuja peke yako."

Akaigeuzia mgongo makusudi, polepole, akarudi kwenye ngoma kucheza.