Shati Lisilotakiwa Kufuliwa

KUHUSU: MATUMIZI HOLELA YA MANUKATO KATIKA CHUMBA CHA KUFULIA. Ndivyo waraka ulivyoanza, na chini yake meneja alitangaza kuwa ni marufuku kwa mtumishi yeyote mwenye ndevu, au anayezitarajia, kujipaka mafuta ya watoto saa za kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya misiba. Treni ilikuwa imeacha reli na kuua watu wengi, na kampuni ikaletwa kutunza vitu vya marehemu: kuvikausha, kuvisafisha, kuvirudisha kwa jamaa. Kanuni kuu ilikuwa moja: hakifuliwi kitu kabla wenyewe hawajaulizwa. Wengine hutaka nguo safi. Wengine huitaka na tope lake na damu yake, maana kwao ndani yake bado kuna mtu.

Mama mmoja aliulizwa kuhusu shati la mwanawe mdogo, akasema lisifuliwe. Mfuaji, ambaye wenzake walimwita Bi Povu, aliliona lilivyoharibika, roho ikamuuma, akajisemea hakuna mzazi wa kuonyeshwa hili. Akalifua. Mama alipolipokea na kuuliza, akamjibu, "Lilitufikia hivyo, mama. Maji ya zimamoto."

Kuanzia hapo chumba cha kufulia kikanuka mafuta ya nywele, maziwa, na jasho la mtoto aliyetoka usingizini.

Meneja aliunda kamati ndogo ya harufu. Kamati ikanusa, ikanywa chai, ikapendekeza kamati kubwa. Mpiga pasi peke yake hakucheka.

"Dada, mashine ile haina nguo," alimnong'oneza Bi Povu. "Mbona inazunguka?"

"Si uizime."

"Waya nimeshauchomoa."

Nyumbani nako harufu ikamfuata. Jumapili mchana mumewe alizinduka kitandani, akajibana ukutani.

"Mke wangu," akasema polepole, "umelaza mtoto wa nani hapa katikati?"

Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na shuka lililobonyea, lenye joto, na ile harufu, ambayo sasa ilimpanda Bi Povu kifuani, ikamzunguka shingo kama mikono midogo, ikashuka naye ngazi, ikaenda naye kazini na kurudi naye, ikamkalia kiunoni pale wanawake wanapobebea watoto, na kila alipojidanganya kwamba imepungua ikajikaza zaidi, nzito, yenye pumzi, hata akamkimbilia shangazi yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa majini.

Shangazi alifukiza, akasoma, katikati akafunika chetezo.

"Huyu simtoi, mwanangu. Hana kosa. Alikuwa na pake pa kukaa, ukapafua. Kamwambie mama yake."

"Atanila mzimamzima, shangazi."

"Heri akule yeye."

Mama aliitwa kwenye chumba cha kupokelea wafiwa. Akaja na shati kalikumbatia. Bi Povu alisimama mbele yake, na mbele ya meneja na mshauri wa wafiwa.

"Ulisema lisifuliwe, mama. Nililifua mimi, kisha nikakudanganya."

Harufu ikajaa chumba kizima. Meneja akainama, akatazama chini ya meza. Mshauri akaanza kulia. Mama alinusa shati, akaivuta mikono ya mfuaji akainusa, akanusa hewa, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea.

"Mbona analia huyu?" akauliza. "Kuna nini?"

Watu wote chumbani waliisikia harufu ya mtoto yule, isipokuwa mama yake.