Nyanya wa Kila Filamu

Kinyanjui hakuwa akimtazama yule nyanya. Alikuwa akitazama kiti.

Fundi wa fanicha ni fundi hata Jumapili. Wenzake walipokusanyika kwa Shiundu, pale mtaani Mbotela, baada ya ibada, kuona filamu za Waingereza, zile za majumba makubwa na ukungu na watumishi wenye glavu, yeye alikuwa akisifu meza na makabati. Siku hiyo aliinama mbele ya televisheni mpaka akawazibia wengine.

"Kinyanjui, tumekuja kuona Uingereza, si mgongo wako," Apondi akamwambia.

"Shiundu, rudisha nyuma kidogo. Hapo dirishani."

Shiundu akairudisha ile DVD. Nyanya mmoja amekaa kando ya dirisha, nguo nyeusi, uso ameuelekeza nje. Mkono mmoja wa kiti chake umefungwa kwa kipande cha leso.

"Huyu si alikuwa kwa ile picha ya Jumapili iliyopita?"

"Waingereza hurudia waigizaji," Apondi akajibu. Alikuwa amestaafu kazi ya kupiga taipu katika ofisi za jiji, na kwa mambo ya Waingereza hakuna aliyembishia. "Ukiona filamu kumi, umeona watu ishirini."

"Na viti pia hurudiwa?"

Lakini Shiundu alikuwa ameshapunguza sauti ya televisheni na kuanza kutafsiri, na hilo ndilo lililowaleta watu. Bwana mwenye jumba alimpa sauti ya karani wa kanisa, mpishi akampa ya muuza mboga wa kona. Mungu alimjalia Shiundu sauti. Asubuhi alisoma nayo Neno madhabahuni, na Pasaka ile angesimikwa kuwa msomaji mkuu, jambo aliloliombea miaka tisa.

Lakini tuseme kosa lilipoanzia. Jumapili iliyotangulia, katika filamu nyingine, kulikuwa na kikongwe asiyesema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Shiundu hakupenda mdomo uliofungwa. Akampa sauti ya Nyanya Awiti, jirani yao wa ukuta mmoja, aliyezikwa kwao Siaya miezi minne nyuma. Akamwiga kikohozi, akamwiga kufyonza meno, akamwiga na lile swali lake la kila jioni: "Shiundu, leo unanisomea ipi?" Watu walicheka mpaka Apondi akamwaga chai. Celine, mke wa Shiundu, peke yake hakucheka.

Sasa filamu ilipokwisha, Kinyanjui alimvuta Shiundu mlangoni.

"Ile leso ni mimi niliifunga," akanong'ona. "Kiti cha Nyanya Awiti. Nilimwambia nitarudi na gundi. Sikurudi, ndugu yangu."

"Uingereza na Siaya wapi na wapi? Umechoka."

Jumapili ya tatu waliweka filamu ya kuchekesha, ya arusi. Kwa jalada hapakuwa na kizee yeyote. Bibi arusi akashuka ngazi, na nyuma yake, dirishani, kiti kilekile na nyanya yuleyule. Safari hii kilikuwa kimegeuzwa kidogo kuelekea ndani.

"Nani amepaka mafuta ya mikaratusi?" Apondi akauliza.

Hakuna aliyekuwa amepaka. Nyanya Awiti ndiye aliyekuwa akijichua kifua nayo, na ile harufu ikapanda kutoka upande wa ukuta wa jirani, ikakaa kwenye mapazia, na Shiundu alipofungua mdomo ili bibi arusi aseme na mchumba wake, kilichotoka kwanza ni kikohozi, kikohozi kikavu cha mtu ambaye mapafu yake yameshachoka, kisha meno yakafyonzwa, meno yake mwenyewe, naye hakuyafyonza, kisha ile sauti nyembamba ikapita kooni mwake kama mtu anayepita kwenye ukumbi wa nyumba anayoijua, ikasema polepole huku wote wakimtazama: "Shiundu, leo unanisomea ipi?"

"Wacha mchezo, baba," Apondi akasema, lakini kwa chini sana.

"Si mimi," Shiundu alitaka kusema. Ikatoka kwa sauti ya nyanya.

Jumapili iliyofuata alisimama kusoma Neno, na kanisa zima likasikia mwanamke mzee akikohoa. Vijana wa kwaya walicheka. Mchungaji hakucheka. Jumatano kikundi cha maombi kikaja nyumbani, kikaimba, kikakemea, kikaipaka televisheni mafuta hata kioo kikawa na ukungu. Filamu ilipowekwa tena, nyanya alikuwa bado dirishani, sasa ameshageuka nusu.

"Jini la Pwani ni mgeni, likifukuzwa lina kwao," Apondi alinong'ona akitoka. "Hili ni la Mbotela. Lina nambari ya nyumba."

Walipobaki wawili, Celine akauliza, "Ulimfanya nini yule mama?"

Shiundu alilia kabla ya kusema. Macho ya Nyanya Awiti yaliposhikwa na ukungu, alimwahidi kumsomea zaburi moja kila jioni mpaka kitabu kiishe. Walifika ya thelathini na nane. Walipokuwa katikati yake, filamu aliyoingojea wiki nzima ikakaribia kuanza kwa televisheni. Akafunga Biblia. "Tutamalizia kesho, nyanya."

"Kesho ya nani?" nyanya alimuuliza.

Alicheka tu akaenda. Asubuhi walimkuta amekufa kitini, na kiti alikuwa amekigeuza kitazame ukuta, ule ambao Shiundu alikuwa akichekea upande wa pili.

Celine akamletea Biblia. "Basi mmalizie zaburi yake."

Saa kumi na mbili jioni, televisheni ikiwa imezimwa, Shiundu alisoma kutoka pale alipoachia. Sauti iliyosoma ilikuwa ya nyanya, nyanya akijisomea mwenyewe, na katika kioo cheusi aliona chumba chao: Celine ameshika rozari ya mama yake, yeye na Biblia, na baina yao kiti ambacho humo chumbani hakikuwapo. Kadiri alivyosoma ndivyo ile sauti ilivyokuwa nzito, mpaka mstari wa mwisho akausoma kwa sauti yake mwenyewe. "Amina," akasema. Celine akaanza kulia kwa furaha.

Hapo koo likamwasha. Mdomo ukafunguka bila yeye.

"Na ya kesho?"

Siku hizi filamu zinaangaliwa kwa Apondi, na wasiosema huachwa wanyamaze. Kinyanjui alipeleka gundi hadi Siaya, akaiacha kaburini. Shiundu alikwenda mwenyewe kwa mchungaji akakiri, jina lake likafutwa katika orodha ya wasomaji. Sauti yake mwenyewe anayo mchana kutwa, mradi jioni asome. Ukipita nje ya dirisha lao utamsikia. Amefika ya mia na kumi na tisa, ile ndefu kuliko zote, na anaisoma polepole, akirudia mistari kama mtu aliyepotea njia, kwa maana zaburi ni mia na hamsini tu, na hajui baada ya hapo ataombwa nini.