Kindi Wasiofungua Mdomo

Siku ile ya Oktoba 1982 ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Kwetu Matinyani, huko Kitui, mtu hangoji mvua ndiyo apande. Unapanda kwenye vumbi, mbegu inalala ikingoja, na mvua ikishuka inakuta ushamaliza. Mimi na wifi yangu Nthenya, mke wa kaka yangu Kisilu, tulikuwa tumeinama tangu alfajiri. Yeye alichimba, mimi nikaangusha punje tatu tatu na kufukia kwa unyayo. Tulikuwa tunamsengenya mke wa mchungaji, na sioni haya kusema hivyo, maana kazi ya jembe bila umbea haiendi.

Tulipofika mwisho wa shamba tukageuka. Kindi walikuwa nyuma yetu.

Mwaka ule kindi walikuwa wamezidi. Bwana shamba alisema ni kwa sababu watu wameua nyoka na mwewe. Mama yetu Syokau, tuliyemwita Mwaitu kama Mkamba yeyote anavyomwita mamake, alisema ni kwa sababu mbwa wa siku hizi ni wavivu kama wanaowafuga. Sababu chagueni nyinyi, taabu ilikuwa yetu. Walifuata mstari wetu shimo kwa shimo, wakifukua, wakikaa kitako na kutafuna mbegu huku wakitutazama. Mchana kweupe! Nilirusha jembe. Walisogea hatua mbili, wakaendelea.

"Mbula," Nthenya aliniambia, "hilo ndilo debe la mwisho. Wakimaliza hii mbegu, watoto watakula nini?"

Alikuwa na watoto watatu, na mimba ya miezi sita.

Siku ya tatu Kisilu alienda Kyuso, akarudi na mganga anayeitwa Nzuki. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hivyo tuliwaambia majirani kwamba ni fundi wa cherehani amekuja kutushonea nguo za Krismasi. Na kweli alikuwa fundi wa cherehani. Alikuwa na tepu shingoni na chaki mfukoni. Ungemwona barabarani ungempa suruali akupunguzie.

Alisimama katikati ya shamba, akavuta uzi mweusi kutoka mfukoni.

"Ni wangapi wanakula kwa hili shamba?"

"Saba," Kisilu akajibu.

Akatutaja mmoja mmoja. Mwaitu, Kisilu, Nthenya, watoto watatu, mimi. Kila jina alilitemea mate kwenye uzi, akalifungia fundo. Kisha akanong'ona, "Mwenye fundo atakula. Asiye na fundo akila, hatafungua mdomo tena." Akatutazama. "Ni hao tu?"

Nyinyi wa leo mtatucheka. Lakini kwetu mimba haihesabiwi. Mtoto anapewa jina siku ya tatu baada ya kuzaliwa, na kabla ya hapo si mtu wa hapa bado, ni mgeni anayeweza kurudi alikotoka. Kumhesabu akiwa tumboni ni kumwitia balaa. Nthenya alivuta leso akafunika tumbo.

"Ni hao tu," Mwaitu akasema.

Uzi ukafukiwa.

Kesho yake nilimkuta kindi wa kwanza. Alikuwa hai. Alikaa kando ya shimo, mkia umelala vumbini, punje ya mahindi imebanwa katikati ya meno. Hakukimbia. Mtoto mkubwa wa Nthenya alimgusa kwa kijiti, na kindi akatutazama tu. Hakumeza, hakutema.

Kufikia Ijumaa walikuwa wengi mno. Walikaa kwenye mistari yetu wakizidi kukonda, kila mmoja na chakula mdomoni. Walikufa wamekaa. Tuliwaokota kwa karai tukawafukia, na kwa wiki mbili nilinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka.

Baada ya hapo hakukuwa na kindi. Si kwetu tu. Kutoka barabarani mpaka mtoni hungeona hata mmoja. Wakati ule kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni sumu, wengine ugonjwa, wengine wamehama. Kanisani walisema Bwana amejibu maombi, na sisi watu wa nyumba ile ndio tuliosema Amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Hata aibu hatukuwa nayo!

Tulivuna vizuri. Mtoto alizaliwa Januari, akaitwa Mwangangi. Alikuwa mnene, mcheshi, wa kunyonya tu. Alipofika miezi minane, Nthenya akaamua kumwonjesha uji.

Nilikuwepo. Uji ulikuwa wa unga wetu. Kijiko cha kwanza alicheka. Cha pili akapiga kelele ya furaha. Cha tatu akafunga mdomo.

"Fungua, baba," Nthenya akambembeleza.

Hakufungua. Akampa titi. Hakufungua. Machozi yalimtiririka bila sauti, na macho yake yalituangalia yakiwa wazi kabisa. Niliyajua yale macho. Nilikuwa nimeyaokota kwa karai.

Hospitalini walimpitishia maziwa kwa mpira wa puani. Daktari alidhani ni pepopunda, lakini akasema haoni kidonda, na mwili haujakakamaa. Ni taya tu. Siku ya pili Nthenya alimshika Kisilu shati. "Fukua ule uzi," alinong'ona. "Twende."

Tulipanda lori la ng'ombe mpaka Kyuso, Kisilu, Nthenya, mtoto na mimi. Tulimkuta Nzuki barazani anashona sare ya shule. Alimwangalia mtoto mara moja, asiache kukanyaga cherehani.

"Niliwauliza kama ni hao tu."

"Alikuwa tumboni," Kisilu akasema.

"Uzi hauna tumbo."

"Basi muongeze!"

"Hauongezwi. Fundo linafunguliwa, linafungwa upya kwa jina lingine. Nani anatoa lake?"

Cherehani ikanyamaza.

Kisilu alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Sina mume, sina mtoto. Nthenya alinigeukia. Hakuniomba. Aliniangalia tu, na mimi nikaangalia sindano ya cherehani. Naiona mpaka leo ile sindano.

"Chukua langu," Nthenya akasema.

Nzuki alifungua fundo la tatu kwa meno, akalifunga tena kwa jina la Mwangangi. Mtoto alipiga mwayo. Halafu alilia, akalia sana, na mamake akampa titi, akanyonya. Mimi nililia pia. Nilijidanganya kwamba ni kwa furaha.

Tangu siku ile Nthenya hakula cha shamba letu. Alilimia majirani, wakampa kunde na ndengu, akapika chungu chake kando. Mambo yalienda. Watu huzoea.

Halafu 1984 mvua ikakataa. Ilikuwa ile njaa Wakamba waliyoiita *Nikw'a ngwete*, nakufa nikiwa nimeshika, maana pesa watu walikuwa nazo mkononi, chakula cha kununua hakuna. Maghala ya majirani yaliisha, lakini letu lilikuwa na mahindi ya msimu wa nyuma, kwa maana hakuna kindi aliyetupunguzia. Kisilu alizunguka Matinyani na Mwingi akitafuta cha kumpa mkewe. Alirudi na vibuyu vya maziwa, mara mbili. Mara ya tatu alirudi mikono mitupu.

Nthenya aliendelea kutupikia isyo, mahindi na maharagwe, kila siku. Alikoroga, akapakua, akatuwekea, akatupa mgongo na kunywa maji. Watoto walikula. Mwaitu alikula akilia. Mimi pia nilikula, na nilishiba, Mungu anisamehe.

"Wifi," nilimwambia siku moja, "onja kidogo. Pengine nguvu ya ule uzi imeisha."

"Na kama haijaisha?" alinong'ona. "Nani atampikia Mwangangi?"

Hakunitajia Kyuso hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Tulimkuta jikoni, saa nne asubuhi. Amekaa. Mwiko mkononi, chungu kinachemka. Kama alionja, sijui. Maiti hufungwa taya kwa kitambaa ili mdomo usibaki wazi. Yeye hatukuhitaji kumfunga.

Mahindi ya msaada yalifika siku nne baada ya mazishi.

Wiki iliyofuata nilikuwa peke yangu nyumbani, saa sita mchana, jua limesimama. Nilikuwa nakula. Kivuli kidogo kikaja mlangoni.

Kindi.

Sikuwa nimemwona kindi kwa miaka miwili. Huyu alikuwa amekonda. Alikaa kitako kizingitini akaniangalia, na mdomoni alikuwa amebana kitu kikubwa kuliko kichwa chake. Sahani ilinitoka mkononi. Hakushtuka.

"Nthenya?" nilinong'ona. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Akafungua mdomo. Polepole. Akakiweka kile kitu chini, akageuka, akaenda zake upande wa kaburi. Vumbi pale mlangoni lilikuwa laini kama unga, na hakuacha hata alama ya mguu.

Lilikuwa hindi bichi. Bichi kabisa, la maziwa, katika mwezi ambao Kitui nzima haikuwa na jani. Upande mmoja lilikuwa limeliwa, na alama zake ni za meno ya mtu mzima. Upande wa pili halikuguswa. Limeachwa nusu, sawasawa, kama mtu anavyomwachia mwenzake.

Sijui kama alikuwa ananisamehe au ananiita. Sikulila. Sikuthubutu kulitupa pia. Liko kwenye kasha langu, chini ya nguo, mwaka wa kumi na mbili sasa.

Bado ni bichi.