Mraba wa Saba

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa kuongea bila kituo, alivaa viatu vya mpira na kumfuata shangazi yake mwambani. Shangazi alikuwa mtafiti wa viumbe vya baharini. Miaka sita nyuma meli ilimwaga mafuta pale, na tangu hapo alihesabu kila kilichorudi. Mwamba ulikuwa na alama kumi nyekundu. Unaweka fremu ya mbao juu ya alama, unahesabu konokono waliomo, unaandika. Kazi haina ujanja, ila inaumiza magoti.

Jumamosi moja shangazi alikwenda kuhesabu ndege upande wa pili, akamwachia Chiriku mwamba mzima kwa mara ya kwanza. Chiriku alihesabu vizuri hadi alama ya sita. Ya saba ilikuwa kwenye ufa wenye mwani unaoteleza, na maji yalianza kujaa. Isitoshe, mraba huo haukuwahi kuwa na kitu tangu mafuta yamwagike. Akaandika sifuri bila kuinama, akaenda ya nane.

Mchana, ofisini, shangazi aliingiza hesabu kwenye kompyuta.

"Saba, sifuri tena. Basi, naandika kwenye ripoti kwamba pale hapaponi. Tunapafuta kwenye orodha."

"Konokono wamekususa, shangazi!" alicheka kaka yake Chiriku, mdomo umejaa biskuti.

Chiriku hakucheka. Aliweka biskuti yake mezani.

"Shangazi, ya saba sikuangalia."

"Hukuangalia, ukaandika sifuri?"

"Kila mwezi huwa sifuri."

"Loo! Leo Chiriku kapatikana," kaka alisema.

"Wewe, tafuna unyamaze." Shangazi hakufoka. Alifuta ile sifuri, akafunga kompyuta. "Ripoti inasubiri. Kesho maji yakipwa, saa nne kamili, tunarudi. Fremu unabeba wewe."

Kesho yake Chiriku alilala kifudifudi juu ya mwamba, akasogeza mwani kwa kidole.

"Shangazi! Njoo uone! Wapo!"

Walikuwa wadogo kama punje za mtama, wameng'ang'ania mwamba. Shangazi alipiga magoti, akahesabu mara mbili. Kumi na mmoja. Akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Miaka sita, mwanangu," alisema. "Sasa nisikilize. Sifuri ni jibu la mtu aliyeangalia. Kama hukuangalia, andika kwamba hukuangalia. Hakuna atakayekung'ata. Lakini ukiandika usichokiona, nami nitaandika uongo wako, na wote wanaosoma ripoti wataamini hawa hawapo. Jana uliona aibu, ukasema hata hivyo. Ndiyo maana leo tuko hapa. Haya, andika."

Chiriku aliandika kumi na moja, tarakimu kubwa kuliko zote kwenye karatasi.

"Na ya nane?" shangazi aliuliza.

"Hiyo niliangalia, shangazi. Kweli kabisa."

"Nakuamini. Lete fremu, sasa nabeba mimi."