Ziwa Halihami

Deukala alikuwa mwanamke wa haraka. Akipika dengu, anafunua sufuria mara kumi. Akipanda basi, anamuuliza kondakta wamefika wapi kabla basi halijatoka stendi. Majirani zake wa Narayangadh walimzoea. Mumewe Tikaram, fundi cherehani mpole, alimzoea kuliko wote.

Mwaka ule haraka yake ilikuwa na sababu. Mtoto wao Anup aliugua homa ya matumbo mpaka akakata kauli. Deukala akaweka nadhiri: mtoto akipona, yeye na mumewe watapanda kuoga katika ziwa takatifu la Gosaikunda, siku ya mwezi mpevu, pamoja na mahujaji wengine. Mtoto akapona.

Narayangadh ni bondeni, kwenye joto. Ziwa liko juu kabisa, miti isikoota. Tikaram alipanga safari ya siku saba. Deukala akazikata, zikabaki nne. Alisema kila siku ya ziada ni kitanda cha kulipia, na wao miguu wanayo. Wakabeba mchele bapa usiohitaji kupikwa, sukari guru na nguo za kubadili, wakaondoka.

Basi liliwashusha Dhunche. Kesho yake walipanda tangu alfajiri mpaka jioni, wakalala Chandanbari, juu ya msitu. Wenyeji waliwashauri wapumzike hapo siku nzima. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kesho ni mwezi mpevu, apumzike vipi?

Asubuhi wakaanza tena. Walikuwa wamefunga kwa ajili ya nadhiri. Maji nayo walikunywa kidogo, maana kunywa ni kusimama, na Deukala hakutaka kusimama.

Saa nne Tikaram akasema kichwa kinamgonga. Hujaji mmoja alimpa kidonge cha maumivu, akamwambia huo ni mtihani wa Mungu, avumilie. Deukala aliyapenda maneno hayo. Saa sita Tikaram akatapika kando ya njia. Kutoka hapo akawa anakaa chini kila baada ya hatua ishirini. Deukala alitangulia, akarudi, akamsimamia, akatangulia tena. Alimwonea huruma. Pia alimkasirikia, na akajichukia kwa kumkasirikia.

Mchana walifika kwenye nyumba ya wageni ya Sukmaya, mwanamke wa Kitamang, kabila la milima hiyo, aliyeishi hapo miaka ishirini. Deukala aliomba maji ya moto tu, wanywe wamesimama, waende. Sukmaya hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama Tikaram.

"Huyu kichwa kimeanza kumuuma lini?"

"Asubuhi. Kachoka tu, dada. Ziwa liko karibu?"

"Mwendo wa saa mbili, tatu. Lakini hebu kwanza, shemeji, tembea juu ya ubao huu wa sakafu. Kisigino kiguse vidole, mguu kwa mguu, mpaka mlangoni."

Deukala nusura acheke. Tikaram alipiga hatua mbili. Ya tatu ikaenda pembeni, akashika ukuta. Alijaribu tena, akaangukia magunia ya viazi. Akainua uso akitabasamu, kama mtu aliyefanya utundu. Naye pombe hata kuonja hajawahi. Deukala akamkimbilia kumwinua.

Sukmaya alimkalisha Tikaram, akaeleza bila kuzunguka. Huku juu hewa ni nyepesi. Mwili wa mtu wa bondeni unahitaji siku kadhaa kuizoea. Asipoupa siku hizo anashikwa na ugonjwa wa mlima, ambao wao huuita lekh, na hauchagui kijana wala mzee, mcha Mungu wala asiyesali. Kichwa kikianza kuuma, mtu asipande tena. Akae hapo alipo, anywe maji, ale, mpaka kipone. Akianza kutapika na kuyumba, asingoje kesho. Ashuke saa hiyo hiyo, tena asishuke peke yake. Kidonge kinanyamazisha kichwa tu, ugonjwa unaendelea na kazi yake.

"Saa mbili tu, dada," Deukala alisihi. "Mwanangu alikuwa maiti. Nimeahidi. Tukishaoga tunashuka mbio."

"Mwaka juzi mwanamke mmoja aliniambia hivyo hivyo, hapo hapo ulipokaa. Alikuja na mumewe. Akashuka peke yake."

Nje mahujaji walipita wakiimba. Deukala aliwatazama mpaka wakapotea.

"Ziwa halihami, mdogo wangu," Sukmaya alisema. "Huyu ndiye anayeondoka."

Deukala alilia kwa uchungu na hasira. Kisha akafunga mzigo.

"Baba Anup, nyanyuka. Tunashuka."

Phurba, mume wa Sukmaya, alimshika Tikaram mkono mmoja, Deukala mwingine. Kabla ya giza walikuwa Chandanbari. Huko Tikaram aliomba chai. Kisha akaomba supu ya viazi, akaimaliza.

Kesho yake, siku moja baada ya mwezi mpevu, walivuka kijito karibu na Dhunche. Tikaram akasimama.

"Phurba ameniambia maji haya yanatoka ziwani," alisema. "Yanashuka mpaka kwetu."

Deukala aliinama, akayachota kwa kiganja. Basi ndiyo yale ya mto wa kwao, alikofulia nguo za Anup tangu azaliwe. Akaingia majini na nguo zake, akaoga akitetemeka. Baadaye, katika zahanati ya Dhunche, muuguzi alimpima Tikaram. Alisema wangelala kule juu hata usiku mmoja, yangekuwa mengine.

Mwaka uliofuata walirudi, kwa siku nane. Walibana matumizi kwingine: walibeba chakula chao na kulala chumba kimoja na mahujaji wengine. Siku hawakuzibana. Chandanbari walilala mara mbili, kwa Sukmaya mara moja. Kila mahali walikula na kunywa, na kufunga walikuahirisha mpaka warudi nyumbani.

Sukmaya aliwapokea kwa ubao ule ule. Tikaram akatembea mpaka mlangoni, akarudi.

"Kichwa je?"

"Kichwa kizima, shemeji. Tumbo ndilo linalolalamika njaa."

Asubuhi ya mwezi mpevu watu waliwapita njiani, wazee kwa watoto. Deukala aliwaacha wapite. Ziwa lilipotokea, alikuwa hatua chache mbele ya mumewe. Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akamngoja.