Neno Lililoandikwa kwenye Boksi la Dawa

Fundi alishonea nguo sebuleni kwake, karibu na dirisha. Mama mkwe wake alikaa naye, akichambua vifungo. Bibi huyo alikuwa na presha, na kila asubuhi alimeza kidonge kimoja.

Siku moja alipewa dawa mpya.

"Mwanangu, hiki kikubwa. Kitanikwama kooni."

Fundi alimhurumia. Akachukua wembe, akakikata vipande viwili. Bibi akavimeza vyote.

Haukupita muda, bibi alisimama akayumba.

"Naona giza," alisema.

Fundi alimdaka, akamwita jirani yao, muuguzi. Wakamkimbiza zahanati, na Fundi akaeleza alivyokikata kidonge. Presha ilikuwa imeshuka mno. Alishinda huko akiangaliwa, na jioni akaruhusiwa kurudi.

Nyumbani, muuguzi aliomba kuona boksi la dawa.

"Hapa pameandikwa 'do not cut'. Yaani usikate. Dawa hii hutoka polepole kutwa nzima. Ukiikata, inatoka kwa mkupuo."

Fundi alijiinamia. "Hilo 'cut' tu ndilo nililolitambua, dada. Wateja hulisema wakisifu gauni lilivyokaa. Nikadhani wanasifu umbo la kidonge."

"Hujakosea sana. Mtindo wa gauni ni 'cut', kwa sababu unatokana na kitambaa kilivyokatwa. Jeraha la kisu ni 'cut'. Hata umeme ukikatika ni 'cut'. Lakini maana ya msingi ni kukata."

"Waingereza wamelitoa wapi?"

"Ni neno la zamani. Wataalamu wenyewe hawana uhakika. Wengine hudhani lilifika Uingereza na watu wa kaskazini mwa Ulaya."

"Kumbe kama letu. Nakata kitambaa, nakata tiketi, nakata kiu."

"Na leo umenikatia umeme," bibi alisema kutoka kitandani.

Wakacheka, Fundi huku akifuta machozi.

"Usikisie tena," muuguzi alimwambia. "Usiposoma ukaelewa, uliza kabla ya kumpa mgonjwa."

Kesho yake daktari alibadilisha dawa. Kwenye dirisha la dawa, Fundi hakuona haya kumuuliza mfamasia.

"Hiki kinakatwa, au kinamezwa kizima?"

"Kizima, na maji. Umefanya vizuri kuuliza."

Kilikuwa kidogo, kikapita bila shida. Baada ya wiki chache, presha ya bibi ilitulia. Akaenda mwenyewe kwa muuguzi.

"Nimekuja kusema asante. Uliacha shughuli zako kwa ajili yangu."

"Mshukuru mkweo, bibi. Hakuficha alichofanya. Ndiyo maana tulijua la kufanya."

"Huyo namshukuru kila ninapoamka," bibi alisema. "Sasa niache niwahi. Tunakwenda kuchagua kitambaa cha gauni langu."