Kipimo cha Ukimya

Kazi yangu ni kelele. Ofisi ya jiji imenipa kofia, kitambulisho na kipima sauti, pamoja na mamlaka ya kuzima spika ya yeyote asiye na kibali. Ndiyo maana mtaani kwetu hakuna harusi nisiyoalikwa. Wanajua mgeni wa meza ya mbele haji na kipimo.

Jioni ile nilikwenda bustani ya jiji kwa ajili ya mdogo wangu. Nyumbani tulimwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Alipanga chumba ghorofani, mkabala na uzio wa bustani, na mtoto wake mchanga alikuwa hapati usingizi. Kila jioni kikundi cha mazoezi kilifungulia muziki kwa spika mbili ndefu kama makabati. Kibali chao kiliishia jua linapozama, wao wakaendelea mpaka giza linaingia. Chiriku alinipigia simu akilia. Alisema mtoto anakonda, yeye mwenyewe maziwa yanamkauka kwa uchovu, na dada yake ndiye mkubwa wa kelele mji mzima. Sasa ana faida gani?

Neno hilo liliniuma.

Nilimkuta fundi mitambo wao, kijana waliyemwita Nyaya, akisawazisha vitufe vyake. Nikamweleza tunavyofanya. Kwanza napima muziki ukiwa unalia, nikiwa nimesimama ukutani kwa mlalamikaji. Kisha nampigia simu fundi, anazima kila kitu, nami napima mahali penyewe pakiwa kimya. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kosa. Bila kipimo cha ukimya kesi haisimami.

Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye kuzima. Hapo akatazama jua.

"Nitapunguza, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nitapunguza hata usisikie kitu. Lakini usiniambie nizime saa hii. Ukimya njoo upime asubuhi."

Nilimjibu kwamba ukimya wa asubuhi si wa jioni, na kanuni inataka saa ile ile. Sheria ni msumeno, nikamwambia, huku nikicheka. Yeye hakucheka.

"Basi ukiitwa... usiitike."

Nimeshatishwa na wengi katika kazi hii. Mmoja alinionyesha hirizi, mwingine picha ya mjomba wake mkubwa serikalini. Nikaona huu nao ni mkwara tu, nikamwacha. Watu wa mazoezi, waliposikia kwamba muziki utazimwa, walianza kukusanya taulo zao haraka. Mama mmoja mnene alinipita akikimbilia getini, vidole amevitia masikioni. Nikadhani ndiyo mazoezi yenyewe.

Nikasimama chini ya dirisha la Chiriku. Alichungulia, mtoto begani, akanipungia mkono na kurudi ndani kunyonyesha. Nilifurahi kwamba leo atapumzika. Nikapima muziki. Umezidi, tena sana. Nikapiga simu.

"Zima."

Kukawa kimya.

Namba zilianza kushuka, kama kawaida. Nikasikia ndege. Nikasikia gari la mbali, na mlango wa jirani ukifungwa. Kisha ndege wakanyamaza. Gari nalo sikulisikia tena. Ikaja harufu... harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Namba zikaanza kupanda.

Sikuwa nasikia kitu. Nikakigonga kifaa kwa kiganja. Zikaendelea kupanda, zikaupita muziki, na bado masikio yangu hayakupata hata mchakacho wa jani. Meno tu ndiyo yaliyokuwa yakitetemeka. Hapo nikaogopa.

Kisha mtu akaita, kutoka bustanini.

"Chiriku..."

Ilikuwa sauti yangu.

Ni vile vile ninavyoita nikifika kwake na mizigo, nikilivuta jina mwishoni. Nikajishika midomo. Ilikuwa imefungwa.

"Chiriku, mdogo wangu... njoo unipokee."

Nilitaka kupiga kelele kwamba asiitike. Koo lilikataa. Hewa tupu ndiyo iliyotoka. Na pale juu yangu, dirishani, mdogo wangu akajibu kwa furaha:

"Abee, dada!"

Namba zikashuka mpaka sifuri. Hakuna mahali nje ya nyumba panaposhuka mpaka sifuri. Mara muziki ukalipuka tena, Nyaya ameufungulia bila kuambiwa, nami nilikuwa nishafika ngazini.

Chiriku alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani, mzima. Aliponiona midomo yake ilicheza kwa haraka, kama ilivyokuwa desturi yake anapokuwa na habari nyingi.

Hakukutoka sauti.

Hospitali walisema koo halina tatizo. Nilirudi kwa Nyaya nimejaa hasira, nikamtaka anieleze ni kitu gani. Alisema hajui. Aliyemkabidhi kazi alimpa agizo moja tu, kwamba jua likizama spika zisinyamaze mpaka giza likamilike. Nikamwambia anipeleke kwa mtu huyo nikamuulize mwenyewe.

"Muulize," alisema. "Lakini na mimi aliniambia kwa mikono."

Niliwahamishia Chiriku na mtoto kwangu, mbali na bustani. Haikusaidia. Jioni ya kwanza nyumba ilipotulia, tulisikia sauti chini ya dirisha. Safari hii haikuwa yangu. Ilikuwa ya Chiriku, ikimwita mwanawe. Mtoto alikuwa mchanga, hajui kuitika, na hilo ndilo lililomwokoa. Tangu siku ile redio yangu inalia kila jioni mpaka majirani wamenichukia. Mimi, mkubwa wa kelele.

Mwaka ukapita. Mtoto akaanza kutembea, akaanza kubwabwaja, na jina lake akalijua. Badala ya kufurahi tukawa tunatazamana kwa hofu.

Jana jua likizama, umeme ulikatika.

Nilikimbilia simu niwashe muziki, nayo haikuwa na chaji. Harufu ya majivu ilikuwa imeshaingia.

"Mwanangu... njoo kwa mama..."

Chiriku alimkumbatia, akawa anatikisa kichwa huku machozi yanamtiririka. Mtoto akautazama mdomo wa mama yake, uliofungwa. Kisha akatazama dirishani, akatabasamu. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Nilimziba mpaka umeme uliporudi, na nikajiambia kwamba nimewahi, ingawa nilihisi midomo yake midogo ikifunguka mkononi mwangu.

Leo asubuhi ameanguka kutoka kitandani. Nimemwona akilia, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka.

Sikusikia kitu.